Msinisalimie Mlimani

Binti yangu alianza kwa upole, na upole wake ndio ulionishtua. Alikuja na sato mzima wa kukaanga, akaniandalia mwenyewe, akakaa pembeni yangu kwenye mkeka kama mtu aliyetumwa kuposa. Mimi nimenunua na kuuza kuku katika vijiji vya Bariadi na Itilima tangu yeye hajaota meno. Namjua mtu anayetaka kushusha bei hata kabla hajauliza bei. Nikamla samaki kwanza, mpaka kichwa, ndipo nikamwambia aseme alichokuja kusema.

Alitaka niache baiskeli.

Masika iliyopita nilianguka nikivuka korongo, mfupa wa bega ukavunjika, nikakaa nyumbani mkono ukining'inia shingoni kwa kitenge. Binti yangu ndiye aliyeniogesha siku zile, na tangu hapo akaanza kuzungumza nami kwa sauti ile wanayoitumia manesi. Sasa alikuwa na mpango kamili. Baiskeli ingepelekwa Ipililo kwa shemeji yake, mdogo wa mume wake, ambaye analima na hana usafiri. Mimi ningefunguliwa genge pale pale mlangoni, nyanya, vitunguu, dagaa, nikae kivulini na wateja wanifuate. Alisema neno "kupumzika" mara nyingi kuliko alivyosema "mama".

Nikamuuliza kama huyo wa Ipililo ameshaambiwa. Akasema bado. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa ameambiwa zamani, na alikuwa ameshatuma ujumbe kuuliza kama inakuja na keria.

Nieleze kazi yangu, ili mtu ajue nilikuwa naombwa nini. Natoka Bariadi asubuhi, tenga tupu limefungwa kwenye keria. Nakata mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka hadi unaweza kupotezea ndala ndani yake. Navuka korongo la mchanga. Halafu kuna mlima, na nyuma ya mlima kuna vijiji vya kuelekea Zagayu, ambako wanawake wananijua, wananiwekea matetea na majogoo, wananilaumu kwa bei, wananipa uji. Nikishajaza tenga narudi kwa barabara ya changarawe, ambayo ni ndefu lakini haina jeuri. Mzunguko mmoja, siku nzima. Kuku nawahesabu wakiingia tengani na nawahesabu tena tukifika, maana kuku ana miguu na watu wana mikono.

Katika mzunguko huo najua nani amejifungua, ng'ombe wa nani wameuzwa, nani hasemi na nani. Kwenye genge la mlangoni ningejua nani anapita kwenda msikitini na nani anarudi. Binti yangu alikuwa ananipa kivuli, na mimi nilikuwa naona ukuta.

Nikamkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe, siku zile za bega, aliyenionyesha kwenye simu yake bibi mmoja mwenye mvi tupu anaendesha baiskeli katika milima ya nchi za baridi, njia nyembamba kama mshipi, huku bonde, huku theluji. Bibi anazunguka mlima mzima na anacheka.

"Yule ana kofia ngumu," akasema binti yangu. "Ana gia. Ana bima. Wewe una nini?"

Nikasema nina kuku wanaonisubiri.

Hapo upole ukamwisha, na mimi nikafurahi, kwa sababu mtu akikasirika ndipo anapotaja bei yake ya kweli. Akasema: "Kama una nguvu hizo, basi upande ule mlima juu ya baiskeli bila kushuka. Mguu ukigusa chini, baiskeli inakwenda Ipililo."

"Na usipogusa?"

"Usipogusa, sitasema tena."

"Umesema," nikamwambia.

Lazima nikiri kwamba ule mlima haupandwi na baiskeli. Si mlima wa kuandikwa vitabuni, hauna theluji wala watalii, lakini ni mawe juu ya mawe, na njia yake ilitengenezwa na ng'ombe, ambao hawakumfikiria mtu mwenye magurudumu. Kila mtu akifika pale anashuka na kusukuma. Wanaume wenye mapaja wanasukuma. Mimi mwenyewe miaka yote nilikuwa nasukuma. Binti yangu alijua hilo, ndiyo maana alilitamka. Alidhani nitacheka na yataishia hapo.

Tukaanza kupatana. Yeye alitaka nipande na tenga limejaa, mimi nikasema mlimani siku zote napanda tupu, akakubali. Alitaka kuanguka kuhesabiwe kama kushuka hata kama mguu haujagusa, nikakubali, kwa sababu nikianguka sitakuwa na hamu ya kubishana. Nilitaka mkono uruhusiwe kushika jiwe, akakataa, nikainuka nikijifanya naenda kulala, akakubali. Mwanzo ni ua wa minyaa chini ya mlima. Mwisho ni kisima upande wa pili. Nilirudia masharti yote tangu mwanzo, kisha nikamwambia ayarudie yeye, nikimsikiliza kwa makini kama anapunguza kitu.

Mwisho akasema mume wake atanifuata kwa nyuma awe shahidi. Kwetu, mkwilima, yaani mume wa binti yako, hakukazii macho. Mkikutana njiani anapisha. Akikupa kitu anakitua chini au anampa mtu mwingine akupe. Kijana huyu amelelewa vizuri kuliko wengi, na kuangalia miguu ya mama mkwe wake ikizunguka kwenye pedeli lilikuwa jambo ambalo asingelifanya hata kwa amri ya mahakama. Binti yangu alikuwa amemchagua shahidi ambaye hataona kitu. Lakini mimi simsahihishi mteja anayejipunja mwenyewe.

Kosa la pili lilikuwa letu sote, na hilo sikuliona. Nilipitia masharti yale mara mbili na bado sikuliona.

Fundi baiskeli wa karibu na stendi alicheka nilipomweleza, kisha akaacha kucheka akanifungia lile gurudumu la meno la nyuma lililo kubwa zaidi, ili pedeli iwe nyepesi. Yalikuwa meno mengi. Nikayahesabu akiangalia, nikayahesabu tena alipogeuka. Baada ya hapo nikaanza kwenda mlimani alfajiri, kukiwa bado hakuna mtu, kujifunza.

Niliujifunza ule mlima kama unavyomjifunza mnunuzi mgumu, kwa kushindwa naye mara kwa mara bila kuonyesha uso. Baada ya minyaa kuna kipande cha mchanga mwepesi, luseni, ambapo ukikata usukani umekwisha, unatakiwa uiache baiskeli ichague yenyewe. Kisha kona ya kokoto, ambayo inapandwa kwa ukingo wa nje, karibu na miiba, kwa sababu ndani kokoto zimelala kama mahindi yaliyoanikwa. Kisha pale ninapopaita ngazini, mawe yamepangana kama ngazi za kanisa na mizizi katikati. Hapo unainama mpaka kidevu kinakaribia usukani, la sivyo gurudumu la mbele linainuka na kukuonyesha mbingu. Unakanyaga pedeli jiwe likiwa mbele yako, unapumua jiwe likiwa nyuma yako. Halafu kuna mwamba mpana juu, uchi, laini, na baada yake mteremko, ambao ni mambo ya breki na kumwomba Mungu.

Kila alfajiri nilishindwa mahali pa juu kidogo kuliko jana. Mara moja tu nilifika mwambani bila kushuka, na kulikuwa hakuna wa kuniona isipokuwa pimbi. Nikarudi nyumbani nikamtumia binti yangu ujumbe: Jumamosi.

Jumamosi yenyewe mkwilima wangu alichelewa. Binti yangu alikuwa zamu ofisini, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwamsha, na alipofika jua lilikuwa limeshapanda na mbuga yote ilikuwa na watu. Pamba ilikuwa inachumwa. Sikuona ubaya. Tulikwenda, mimi mbele, yeye nyuma kabisa, mbali kiasi cha heshima, na kila tulipokutana na mtu nilishuka nikasalimia kama kawaida, nikapanda tena. Tukafika kwenye ua wa minyaa. Nikashika breki kidogo, nikageuza kichwa kuhakikisha yupo. Alikuwepo, anaangalia matairi ya baiskeli yake. Nikaanza.

Mchanga ukanipitisha. Nilipomaliza mchanga nikainua macho, nikaona wanawake watatu wanashuka na mizigo ya kuni vichwani.

Hapo ndipo nilipoliona lile kosa.

Kwetu mtu haendeshi baiskeli kumpita mtu mzima na kumrushia salamu kama maganda ya muwa. Unashuka. Unasimama. Unauliza nyumbani, unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unajibu, na wewe unaulizwa. Mtoto anafundishwa hivyo kabla hajafundishwa kuendesha. Binti yangu amekulia mjini, kwake salamu ni kunyanyua mkono juu ya bodaboda. Lakini mimi? Mimi niliyepatana juu ya mkono na jiwe na kuanguka, nilisahau kupatana juu ya salamu, kwa sababu alfajiri zote zile hapakuwa na wa kumsalimia.

"Mwangaluka, mayu," nikasema, salamu ya asubuhi ya kwetu, huku nakanyaga.

Waliitikia. Kisha nikasikia nyuma yangu kuni zinatuliwa, mzigo mmoja baada ya mwingine. Sikugeuka, maana kona ya kokoto ilikuwa imefika. Lakini nilielewa. Kuna sababu moja tu ya mtu mwenye akili zake, tena mwanamke wa umri wangu, kumpita mwenzake juu ya baiskeli namna ile. Ni kwamba amebeba habari ya msiba.

Na kama kulikuwa na shaka, nyuma yangu alikuwa anakuja mkwilima wangu. Ameshashuka, anasukuma, kichwa kimeinama ili asinione, uso umelowa jasho. Mtu yeyote angempa pole. Wale wanawake walimpa. Walimuuliza kuna nini, na yeye, aliyekuwa ameonywa na mke wake asitangaze mambo ya nyumbani, akawajibu: "Ni mambo ya familia. Mtasikia tu."

Haya nilisimuliwa baadaye. Wakati ule mimi nilikuwa napigana na kona. Nilipoimaliza nikakuta mchunga ng'ombe, mtu mzima, anaswaga ng'ombe wake pembeni kunipisha. Alivua kofia akaishika kifuani. Nikadhani anaheshimu upandaji wangu. Nikajivuna kidogo, na nikapoteza pumzi niliyoihitaji.

Mmoja wa wale wa kuni alikuwa na simu. Mtandao pale si wa kuutegemea, lakini kwa habari ya kifo hata mlima unatoa mtandao.

Ngazini nilianza vizuri. Nililala juu ya usukani, bega likanikumbusha lilipovunjika, nikaliambia tutazungumza kisimani. Jiwe, pumzi. Jiwe, mzizi, pumzi. Mnyororo ulikuwa unalia kama mlango wa zizi. Mwamba wa juu nilishauona, mweupe kwa jua, nikaona pia kwamba juu yake wametokea watu. Wanawake, kanga zimefungwa viunoni. Mbele yao mkwe mwenzangu, mama yake mkwilima wangu, anayekaa kule kisimani. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya kichwa.

Alishuka kunifuata, anajikwaa kwenye mawe yale yale niliyokuwa nayapanda. Alikuwa ameshalia. Akatazama nyuma yangu, na nyuma yangu njia ilikuwa na kona, kwa hiyo hakumwona mtu.

"Ni mwanangu?" akauliza.

Nikamjibu juu ya baiskeli, kwa pumzi niliyobaki nayo: "Hakuna kitu, mayu. Wote wazima."

Akaketi chini, pale pale kando ya njia, kama mtu aliyekatwa miguu.

Nilikuwa nimesema yale yale maneno. Habari ya kifo haisemwi njiani. Anayeileta husema hakuna kitu, mgonjwa kidogo tu, twende nyumbani, mpaka ufike, ukalishwe, ushikwe mikono. Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo siku ya mume wangu, na watu wema kabisa, tangu sokoni hadi mlangoni kwangu. Hakuna kitu, mama. Mzima tu. Kwa hiyo kila nitakachomwambia huyu mama nikiwa juu ya kiti cha baiskeli kingekuwa ni kumzika mwanawe mara nyingine.

Nafasi ya kupita ilikuwepo. Niliipima. Mwamba ulikuwa mbele yangu kabisa, na mkwilima wangu angetokea kwenye kona muda si mrefu, mama yake angemwona kwa macho yake, yangekwisha. Ni muda si mrefu kwa anayepanda. Kwa aliyeketi pale kando ya njia nilijua ni mrefu kiasi gani.

Nikashuka. Nikaweka mguu wa kulia, nikaweka na wa kushoto, yasije yakabishaniwa. Nikailaza baiskeli kwenye mawe, nikapiga magoti mbele yake.

"Mwangaluka, mayu."

Hakujibu. Nikarudia. Akajibu kwa kinywa tu. Nikamuuliza nyumbani, akasema mhola, salama. Nikamuuliza wajukuu, ng'ombe, mvua ile iliyokatika mapema, mguu wake unaomsumbua, yule ndama aliyezaliwa na jicho moja bovu. Nilisalimia kwa utaratibu wote, sikuruka hata kipande, polepole kama sina safari. Hakuna mtu mwenye maiti mgongoni anayeulizia ndama. Nilipofika kwenye ndama aliniangalia vizuri kwa mara ya kwanza, na nikaona pumzi inamrudia kifuani.

"Ndama anaendelea," akasema.

Ndipo mwanawe akatokea kwenye kona, anasukuma, kichwa chini. Mama yake alisimama, akafungua kanga kiunoni, akamchapa nayo mabegani mbele ya watu wote, mtu mwenye mke na kazi. Alimchapa na huku amemshika asiondoke.

Ikabidi niseme ukweli. Nilisema yote, genge, Ipililo, minyaa, kisima. Kwa wakati huo wale wa kuni walikuwa wamefika, na mchunga ng'ombe, na wachuma pamba wawili walioacha shamba, na mama mmoja aliyekuja na sufuria kubwa ya msibani kichwani. Huyu ndiye aliyekasirika zaidi. Alisema ameipandisha mlima bure. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini.

Mkwe mwenzangu hakucheka. Alijifuta macho akauliza: "Kwa hiyo baiskeli imekwenda?"

"Bado," nikasema. Nikaiinua, nikaigeuza.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye minyaa."

"Kufanya nini?"

"Kuanza."

Mkwilima wangu akasema kitu, akimwelekea mama yake, kwa kuwa mimi haongei nami uso kwa uso: "Mama, mwambie mama, makubaliano yalikuwa mara moja."

Mimi nikasema, nikimwelekea huyo huyo mama: "Mwambie mkwilima wangu hatukusema mara moja. Tulisema bila kushuka. Nimeshuka, nimesalimia, sasa napanda."

Mama yake akatuangalia, mmoja kisha mwingine, kama mtu aliyeshikishwa kamba za mbuzi wawili. Akamwambia mwanawe anyamaze.

Kuteremka na baiskeli kwa miguu, hatua kwa hatua, njia niliyoipanda kwa damu ya moyo, hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote, na sikumwonyesha mtu. Nilijua kabisa kwamba miguu yangu ina mlima mmoja kwa siku na nimeshautumia. Nilijua pia kwamba kesho nisingerudi. Kesho ningeamka bega limevimba, binti yangu angekuja na samaki mwingine.

Nilipofika kwenye minyaa nikageuka, nikakuta mkwe mwenzangu amenifuata, na mguu wake ule. Akasema atanitangulia. Nikamwambia njia ni ndefu kwake. Akasema amekwisha kuupanda mlima leo akilia, hatashindwa kuupanda akiwa mkavu.

Akatangulia. Na kila aliyetokea, maana habari za msiba zinaendelea kuleta watu hata zikikanushwa, yeye alimzuia kwa mkono na kusema maneno ambayo sidhani kama yamewahi kusemwa katika nchi yetu:

"Msimsalimie huyu. Hajafiwa. Anapanda."

Walisimama pande zote mbili, juu ya mawe, na hawakusema neno. Mimi ninayejulikana kila kijiji cha upande ule, niliyepita miaka yote nikiulizwa na kujibu, nilipanda katikati ya watu wangu kama mgeni asiye na ukoo. Nilisikia mnyororo na pumzi yangu, basi. Mtu mmoja alianza kusema mwa, akakanyagwa mguu.

Kwenye kona gurudumu la nyuma liliteleza, likazunguka bure. Nikaegemea upande wa miiba, miiba ikanipokea mkono, ikabaki na ngozi kidogo, baiskeli ikashika. Ngazini sikuwa na miguu tena. Nilitumia vitu vingine. Nilimtumia yule wa Ipililo na keria yake. Nilitumia nyanya, na kile kiti cha plastiki ambacho binti yangu alikuwa ameshaninunulia, akakificha nyuma ya mlango nikakiona. Pale niliposhuka mara ya kwanza, baiskeli ilisimama kabisa. Nikakamata jiwe kwa mkono wa kushoto, ule wa bega, nikaning'inia hapo, magurudumu mawili chini na miguu yote kwenye pedeli, na nikamshukuru Mungu kwamba siku ile ya samaki niliinuka nikajifanya naenda kulala. Sijui nilikaa vile kwa muda gani. Mkwe mwenzangu alikuwa mbele yangu, amenipa mgongo, anazuia watu. Hakugeuka. Nadhani aliogopa akigeuka atanisalimia.

Nikasukuma jiwe, nikakanyaga. Jiwe likabaki nyuma.

Mwambani upepo ulinikuta, na sikusimama kuufurahia. Mteremko wa upande wa pili una mawe yaliyolegea, na breki zangu ni za zamani, zinaanza kufikiria kwanza. Nilikaa nyuma mpaka nikawa karibu kukaa ndani ya tenga. Kila pigo lilifika begani. Sikuimba wala sikucheka kama yule bibi wa theluji. Nilikuwa nimeuma meno, na machozi ya upepo yananitoka, na huenda mengine hayakuwa ya upepo. Nikapita mkwaju, nikapita zizi, nikaona wanawake wameinama kisimani na madumu yao. Walishapigiwa simu. Waliinuka, wakanitazama nikifika, na hakuna aliyefungua mdomo mpaka nilipogusa ukingo wa kisima kwa mkono, kisha nikashuka.

Halafu wote kwa pamoja wakanisalimia, na ikanibidi nijibu, mmoja mmoja, nyumbani, watoto, ng'ombe, huku nimeshikilia usukani nisianguke.

Binti yangu alipigiwa simu na mume wake. Sauti iliwekwa nje tusikie wote. Akauliza kama niliweka mguu chini. Kijana yule ni mkweli, hata kama hakuona kitu. Alisema: mara ya kwanza mama alishuka, akamsalimia mama yangu. Mara ya pili hakushuka, watu wameona.

Kisha binti yangu akasema, kwa sauti ile ya nesi, kwamba makubaliano ni makubaliano, mguu ukigusa baiskeli inakwenda, na mguu umegusa.

Nikachukua simu.

"Ulitaka nimpite mama mkwe wako anaomboleza, nisimsalimie? Yuko hapa. Nimpe simu umweleze?"

"Hapana," akasema haraka. "Usimpe."

"Mlima nimeupanda. Kama hutaki huu, Jumamosi ijayo nitaupanda mwingine, utauchagua wewe, na utakuja mwenyewe uone. Na Jumamosi nyingine. Lakini baiskeli haiendi Ipililo, mwanangu. Yule kijana amwambie kaka yake amnunulie yake."

Mkwilima wangu aliendelea kuangalia chini. Kisimani wanawake walikuwa wameacha kuchota. Mkwe mwenzangu alikuwa amekaa juu ya dumu, amenyoosha mguu wake, anasikiliza kama redio.

Nilimsikia mtu anamwita binti yangu kule ofisini, naye anamwambia asubiri.

"Bega?" akauliza.

"Lipo."

"Umekula?"

Nikamwambia bado, lakini hapa sitakosa uji. Nikamrudishia mume wake simu, kwa kuitua juu ya jiwe aichukue mwenyewe, nikafungua tenga. Ilikuwa Jumamosi, na jua lilikuwa bado lina kazi. Nikamuuliza mkwe mwenzangu kama ana kuku. Akasema anao, lakini kwa jinsi nilivyomliza leo, bei imepanda.